Suti ya Ushuhuda

Mama Fundi alikuwa na domo. Akimpima mteja kiuno, namba aliitangaza mpaka barabarani, na aliyeona haya aliambiwa, "Ule wewe, aibu nione mimi?" Wateja walicheka na kurudi tena. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye pasi, cherehani mbili na redio isiyozimwa. Cherehani ya pili ilikuwa ya mwanawe wa pekee, aliyejifunza kushona tangu miguu haijafika chini.

Kijana alipokua alimwambia mama yake ukweli: anapenda wanaume, amejaribu kuacha, ameshindwa. Mama Fundi, mjane asiye na wa kumuuliza, alimkimbilia Mshauri, bwana mmoja mwenye ofisi ya zulia nene, aliyedai kwamba hali hiyo ni ugonjwa na unatibika. Chanzo, alisema bila kupepesa macho, ni mama. Mama amemdekeza, mama amemkalisha kwenye cherehani. Basi asimkumbatie tena, asimshike hata kidole. Kijana naye angefundishwa huko ofisini kuuona mkono wa mama kama sumu.

Masikini Mama Fundi, alitii. Kijana alipopata homa alimwekea maji mlangoni, akaenda kulia jikoni. Cherehani ya pili akaitoa nyumbani. Mwaka ukapita, kijana akawa hacheki, habishi, hajibu ila akiulizwa. Mshauri akasema amepona.

Siku hizo redio haikuwa na habari nyingine: kuna waliotaka tiba hiyo ipigwe marufuku, na kuna walioitetea kufa na kupona. Nesi wa mtaa wa pili alikuja kupunguza sare, naye hakuuma maneno.

"Mama Fundi, kile si kitu cha kutibiwa. Hospitali tunawapokea vijana waliotoka huko. Wanakuja hoi."

"Wangu amepona."

"Amepona, au amenyamaza?"

"Simama wima, unaniharibia kipimo," Mama Fundi akamjibu. Siku hiyo namba hakuitangaza.

Mshauri akaitisha mkutano wa wazazi kuitetea kazi yake. Alitaka kijana asimame mbele atoe ushuhuda, tena awe amependeza. Mama Fundi akatafuta kitambaa kizuri cha kijivu. Furaha yake kubwa haikuwa mkutano. Suti haikatwi kwa kukisia, kwa hiyo angemshika mwanawe, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akamzungushia futi kifuani. Kijana akakakamaa. Jasho likamtoka usoni, midomo ikaanza kutetemeka.

"Pumua, mwanangu."

"Siwezi, Mama. Ukinishika nasikia kutapika. Ndivyo walivyonifundisha."

Futi ikamponyoka. "Na lile jambo lenyewe?"

"Lipo vilevile, halijaenda popote." Akajifuta uso. "Lakini usijali. Nitakwenda, nitasema unachotaka niseme."

Mama Fundi akaketi. Watu walikuwa wakibishana redioni kama tiba ile inafanya kazi au haifanyi. Yeye sasa alikuwa ameiona kazi ya tiba hiyo kwa macho. Akakikunja kile kitambaa, akachukua simu na kumpigia Mshauri palepale. Akamwambia hawaji, si siku ya mkutano wala siku nyingine, na asithubutu kumtaja mtoto wake huko. Mshauri alianza kumfafanulia. Akamkatia simu.

"Huendi," alimwambia mwanawe. "Na kwa yule bwana hurudi tena. Mimi ndiye niliyekupeleka. Huna kosa lolote, mwanangu. Nisamehe."

Kijana akaangua kilio. Kwa mwaka mzima hakuwa amelia mbele yake, na Mama Fundi akajisahau, akainuka, akanyoosha mikono kumkumbatia kama zamani.

Kijana akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Bado, Mama," alisema, meno yakigongana. "Nataka. Wallahi nataka. Lakini bado."

Mama Fundi akaificha mikono nyuma yake, wakasimama hivyo wakilia, chumba kizima kikiwa katikati yao.