Bibi Harusi wa Steji na Bingwa Aliyeshindwa

Pale steji yetu ya bodaboda Ruiru kuna desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mwanachama akioa, bibi harusi haendi kanisani kwa gari, hata kama kwao magari yamejaa uwanja. Anabebwa na bingwa. Wengine wote wanafuata nyuma wakipiga honi, taa zimewashwa mchana kweupe, na akina mama wa sokoni wanasema harusi iliyoanzia kwenye kiti cha bingwa haipati pancha.

Bingwa mwenyewe ni mwenzao. Alianza kwa kubeba abiria na magunia ya viazi kama wao, mpaka siku alipoenda kujaribu mbio kule kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako vijana wamejichorea njia kwa magurudumu, kupanda na kushuka. Akashinda, na jioni akarudi steji kutafuta abiria. Tangu hapo, kila mbio niliyowahi kuitazama alishinda yeye. Nilikuwa mtoto wa shule nilipomwona mara ya kwanza. Wenzake walikuwa wanapigana na pikipiki zao, unaona kabisa mikono inatetemeka. Yeye alikuwa amesimama juu ya vikanyagio kama mtu anayechungulia ua wa jirani, magoti yamelegea, pikipiki inaruka chini yake na yeye hana habari. Nililia. Msiniulize kwa nini, mimi hulia hata nikiona kifaranga kikitoka kwenye yai. Siku hiyo nikaamua mambo mawili: nitaolewa, na nitaolewa na mtu wa steji ile.

Shule iliishia kidato cha pili, nikaenda kushona ovaroli kwenye kiwanda kimoja huko Eneo la Viwanda, Thika. Ndoto yangu niliibeba mpaka kwenye cherehani. Na Mungu ni nani, mchumba nikampata palepale steji, kijana mwenye mdomo mrefu na roho nyeupe, anayempenda bingwa kuliko ninavyompenda mimi. Siku ya kunichumbia alianza kwa kunieleza vile bingwa alivyokata kona wiki ile, akaeleza mpaka chai ikapoa, ndipo akakumbuka kwamba ana pete mfukoni.

Harusi ikapangwa. Zikiwa zimebaki wiki chache tu, bingwa akashindwa.

Aliyemshinda ni kijana wa Kalimoni, mchukuzi wa maziwa, mwembamba kama mshumaa. Walikuja wawili hao mbele ya wote, wamebanana, mpaka kona ya mwisho chini ya ukuta wa mawe. Vumbi likawameza. Sisi sote tukawa tayari tunapiga mayowe, maana tulijua nani hutoka kwenye vumbi lile. Akatoka kijana. Mayowe yalikufa midomoni. Nilisikia mbuzi akilia mbali, upande wa pili wa machimbo. Bingwa alimaliza wa pili, akavua helmeti, akamshika kijana bega, akamwambia neno, kisha akaenda nyumbani.

Kesho yake steji haikubeba watu, ilibeba maneno. Nilipita hapo nikitoka kazini nikamkuta mchumba wangu amesimama juu ya kiti cha pikipiki yake kama mhubiri.

"Gia ya tatu ilikwama!" alikuwa anasema. "Nilisikia na haya masikio. Ilifanya krrr!"

"Na hiyo krrr uliisikiaje, na wewe ndiye ulikuwa unapiga nduru kuliko king'ora?" Huyo alikuwa mwenyekiti wa steji, mtu mnene, mpole, mpenda ubishi.

"Buda, wewe ulikuwa umeenda kununua mahindi choma. Nyamaza."

"Sinyamazi. Mimi nasema hivi: alikuwa mkubwa kwa sababu hakukuwa na wengine. Miaka yote anashindana na watu wa kubeba mkaa, kwa nini asishinde?"

"Ati nini? Na wale wa kutoka Nairobi, wenye pikipiki za kuletwa kwa sanduku, hao pia ni wa mkaa? Si aliwapita wakiwa wamevaa vitambaa vya kung'aa kama peremende?"

"Sawa, sikatai. Lakini mkubwa wa wakati wote? Zii. Huyo ni yule mzee wa enzi za kahawa, aliyekimbia na pikipiki ya karani wa shamba, na haikuwa na breki."

"Ulimwona?"

"Guka yangu, babu mwenyewe, alimwona."

"Guka yako pia alimwona fisi akifua nguo!"

Watu wakacheka mpaka mteja mmoja aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki akingoja kupelekwa akashuka, akajiunga na ubishi. Mimi pia nilicheka. Kisha mwenyekiti akanigeukia, akasema kwa upole, "Lakini wewe, bibi harusi, ujipange. Bingwa sasa ni yule kijana. Desturi ni desturi. Na huyu wetu wa siku zote ametuma neno, anasema utafute mtu mwingine wa kukubeba."

Hapo kicheko kikaniisha.

Kiwandani nilishona mfuko wa ovaroli ukiwa umepinduka, nikaufumua, nikaushona tena umepinduka. Wakati wa lanchi, tukiwa tumekaa na mabakuli yetu ya githeri, mama wa pasi akanitazama. Ni mama aliyetoka Magharibi zamani, ana mikono ya kuinua pasi nzito kama anainua kijiko, na mambo ya fahali anayajua kwa sababu kwao fahali hupiganishwa na kijiji kizima kinakuja kutazama.

"Kwani wewe, mwanangu, umefiwa?"

Nikamweleza. Meza nzima ikasikiliza, na kabla sijamaliza ilikuwa imeshagawanyika mara mbili, maana huko kiwandani bingwa anajulikana kama vile askofu.

"Amezeeka, apumzike," mmoja akasema.

"Azeeke wapi? Kushindwa mara moja?" mama wa pasi akaruka. "Kwetu fahali akishindwa anapewa nyasi, hachinjwi kesho yake."

"Si huuzwa, mama?"

"Huuzwa na watu wasio na macho! Mwenye macho anakumbuka ni fahali wangapi walikimbia wakimwona tu." Akanielekezea kijiko. "Wewe usilie juu ya githeri yangu. Nenda kwake. Mtu akikataa kwa kutuma watu, bado hajakataa."

Jumapili tukaenda, mimi na mchumba wangu. Bingwa anakaa nyuma ya mashamba ya kahawa, kwenye kiploti kidogo. Tulimkuta amevaa gambuti, anafungia nyanya zake vijiti. Pikipiki ya mbio ilikuwa ukutani, imefunikwa gunia. Moyo wangu ulisikia vibaya kuiona hivyo, kama jogoo aliyewekwa kwenye kapu.

Akatukaribisha kwenye gogo, akatuuliza hali, akauliza kama wazazi wangu wako salama. Mchumba wangu hakuweza kungoja.

"Bingwa, wewe hata usijali. Kila mtu anajua gia ilikwama."

Bingwa akamaliza kufunga nyanya moja. "Wewe umewahi kuendesha pikipiki yangu?"

"La."

"Basi gia yangu umeijulia wapi?"

Mchumba wangu akaokota kijiti cha nyanya, akaanza kukikagua.

"Gia haikukwama," bingwa akasema. "Tulipofika kona niliachilia mafuta mapema kidogo. Yeye akashikilia. Hiyo ndiyo mbio yote. Na nikwambie ukweli? Ilikuwa tamu. Miaka yote hii sijawahi kusikia mtu begani kwangu pale kwenye kona. Nilisikia injini yake hapa," akagusa sikio, "nikasema, ehee, kumbe kuna mtu." Alikuwa anatabasamu, nawaambieni, kama mtu anayesimulia chakula. "Sasa nikija steji mnanipa pole ya gia. Nikiitikia, nimemwibia kijana wa watu. Nikikataa, nimekuita mwongo mbele ya wenzako, na wewe una harusi. Nikaona heri nikae na nyanya."

Mimi nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumbembeleza. Yote yalipotea. Nilikuwa nimempenda kwa kushinda, na sasa nilimwona mtu mkubwa kuliko yule wa machimboni, ameshika kamba ya katani, matope magotini.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe nitakubeba. Nilitaka kukubeba tangu mwanzo. Lakini huyu bwana yako amwendee kijana amwambie kwamba alishinda. Si mimi wa kuambiwa, si mwenyekiti. Kijana mwenyewe, na watu wakisikia, kwa sababu hadithi ya gia aliisema watu wakisikia."

Tulirudi kwa miguu katikati ya kahawa. Mchumba wangu alikuwa anachuma majani ya kahawa njiani, moja moja, nikaanza kumhurumia. Kisha akasema, "Kwani lazima kwa mdomo? Si naweza kutuma meseji?"

"Hadithi ya krrr uliituma kwa meseji?"

"Watanicheka mpaka nihame Ruiru."

"Bingwa alishindwa mbele ya watu wote. Alihama?"

Akapiga jiwe teke. 

Jioni moja nilikuwa steji namngoja mchumba wangu anipeleke nyumbani, na mwenyekiti alikuwa tena kwenye hadithi ya yule mzee wa kahawa asiye na breki, kijana wa Kalimoni alipopita na makopo yake ya maziwa, matupu, yanagongana. Mchumba wangu akatoka mbio, akasimama katikati ya njia, akainua mkono. Ubishi ukakatika. Watu wakasogea, maana walijua hawa wawili hawasalimiani, na walidhani leo ni leo.

"Niaje," mchumba wangu akasema.

"Poa," kijana akajibu, mguu mmoja chini, tayari kukimbia.

"Nilisema gia ya bingwa ilikwama. Haikukwama. Ulimpita." Akageuka kuhakikisha tunasikia. "Ulimpita vizuri."

Kijana akamtazama, akatutazama sisi. "Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Steji ililipuka. Mtu alipiga honi kwa kicheko. Mwenyekiti akajifuta machozi kwa fulana yake ya reflekta. Mchumba wangu mwenyewe akacheka, na nilimpenda kiasi kwamba nilitaka kuolewa palepale, na ovaroli la kiwanda. Kijana alipoona hapigwi, akazima injini.

"Lakini nisiwadanganye," akasema. "Ile kona niliipita nimefumba macho. Haki ya Mungu. Nilimwona yuko kando yangu, na mimi bado nimeshikilia mafuta, nikasema leo nakufa, nikafumba. Na hiyo kona nani alinifunza? Si ni yeye? Nilikuwa nakaa juu ya mawe tangu niko mdogo, namtazama mahali anaweka gurudumu. Nikimpita, nimepitia palepale pake."

 Hata mwenyekiti hakuleta guka yake.

"Basi," mwenyekiti akasema mwishowe, "bibi harusi atabebwa na yule wa siku zote. Na wewe kijana utambeba bwana harusi. Mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno.

Siku ya harusi ilikuta mvua imenyesha usiku kucha. Wanaoijua Murera, kule kwetu, wanajua udongo wake mweusi: ukilowa, unakuvua kiatu na kukudai soksi. Kwetu ni upande wa lami, kanisa liko ng'ambo ya bonde, na hapo katikati kila mtu lazima apite. Mama wa pasi alikuwa amefika mapema kuninyooshea gauni, akaniletea na nailoni kubwa ya kujifunika. Bingwa alipoiona akaitoa taratibu.

"Hii itaingia kwenye cheni, mama, tumzike badala ya kumwoza." Akatoa mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo, akanizungushia juu ya gauni kwa heshima, akakaza kama gunia la kabichi. "Usinishike shingo. Shika mshipi. Nikiinama upande, na wewe inama. Usinisaidie kwa kuogopa."

Nyuma yetu honi zilianza. Nilitaka kupunga mkono kama nilivyoota miaka yote, lakini nilisahau, kwa sababu nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa imelegea. Tope lilivuta gurudumu kushoto, likavuta kulia, na yeye aliliachia kidogo, akalirudisha kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye usingizi. Pale bondeni maji yalikuwa yanapita. Alipunguza, akapunguza tena, mpaka nikadhani tumesimama, na tukavuka polepole hivi kwamba niliona chura akitupisha. Huyu ndiye aliyekuwa akiruka mawe ya machimbo. Sikujua kwamba kuna ubingwa wa kwenda polepole.

Tulipofika, bwana harusi alikuwa ameshafika. Alikuwa mlangoni mwa kanisa, na kutoka kiatuni mpaka kwenye tai alikuwa tope tupu, kumebaki macho na meno. Kijana wa Kalimoni alikuwa kando yake akijaribu kumfuta kwa jani la mgomba.

"Kijana amefika wa kwanza!" mwenyekiti akapaza sauti. "Nani anabisha? Amefika wa kwanza!"

"Amefika na nini?" mama wa pasi akajibu akishuka kwenye pikipiki iliyomleta. "Hiyo ni bwana harusi ama ni muhogo? Njoo uone huku!" Akainama, akainua pindo la gauni langu, jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi yake. Steji nzima ikaja kukagua pindo. Wakagawanyika papo hapo, wengine mbio ni mbio, wengine mzigo ni mzigo, na mchungaji alitoka na Biblia mkononi kuuliza kuna nini, naye akaonyeshwa pindo.

Bingwa alikuwa ananifungua mpira. "Pale bondeni ulipita upande gani?" akamwuliza kijana.

"Kushoto."

"Kushoto kuna jiwe."

"Nimeliona nikiwa juu yake."

Wakachuchumaa wote wawili, bingwa akachukua kijiti, wakaanza kuchora njia kwenye tope. Mchumba wangu aliwatazama kwa hamu, shingo imenyooka, nikajua anatamani kwenda kusikiliza. Kisha akanigeukia, akaniona, na akasahau yote. Akaja kunikumbatia.

"Mikono!" mama wa pasi akapiga yowe. "Wewe! Mikono!"

Alikuwa ameshachelewa.