Maji ya Rejeta, Kutoka Tunduma hadi Itumba

Sikutoka Tunduma kwa matembezi. Alfajiri ya Jumamosi dada yangu Atupele alipiga simu kutoka Itumba, akasema mama amekataa uji tangu jana na anataja jina langu. Akaniambia niende na gari, tumpeleke hospitali kubwa. Mama alikuwa hajaliona gari lenyewe. Nililinunua miezi mitatu nyuma, limetumika Japani, na nilikuwa nikilionea fahari ya kijinga.

Saa kumi na mbili na nusu nilifungua boneti na kuongeza maji kwenye rejeta, kama kila asubuhi. Maji yalikuwa yanapungua, na chini ya gari huoni tone. Nilikwishatandika maboksi chini yake, asubuhi nikayakuta makavu. Fundi wangu wa mjini alisema gasketi ya hedi imekufa, tufungue injini. Dalili zake hazikuwepo, moshi haukuwa mweupe, oili haikuchanganyika na maji, lakini aling'ang'ania hivyo hivyo. Nikaogopa kufungua injini, nikanunua dumu la maji nikaliweka nyuma ya gari.

Mke wangu, Mama Furaha, alipanda mbele kushoto na kanga za mgonjwa na chupa ya chai. Akavua viatu. Kwenye gari langu watu walikuwa wanapanda bila viatu, na juu ya zulia nilikuwa nimetandika nailoni lisichakae. Ukicheka, cheka tu, lakini Tunduma tulio hivyo ni wengi.

Mpemba tulifika saa moja, baada ya kujipenyeza pembeni mwa foleni ya malori. Tukakata kulia, tukashika njia ya Ileje. Baridi ilikuwa kali, nikawasha hita, na vioo vikaingia ukungu kwa ndani. Mama Furaha akasema miguu yake inalowa, tena si leo tu, ni wiki ya tatu sasa anasema. Nikamjibu kwamba amemwaga chai. Akakaza kifuniko cha chupa kwa nguvu, nikajua nimemuudhi, ila mawazo yangu yote yalikuwa kwa mama.

Milimani, saa mbili kasorobo, geji ya joto ilipanda mpaka mwisho. Nikaegesha. Rejeta ikiwa ya moto huthubutu kufungua mfuniko, maji yatakuchuna uso, kwa hiyo tulikaa tukisubiri ipoe. Nikaongeza maji, tukaenda kilomita chache, injini ikachemka tena. Mara ya tatu dumu liliisha, nikateremka korongoni kuchota mengine.

Ilipokaribia saa tatu, basi dogo la Itumba lilisimama mbele yetu. Kondakta alisema ana nafasi mbili. Mama Furaha akanishika mkono.

"Baba Furaha, tuliache gari. Mama anakusubiri wewe, hasubiri gari."

Nikamwambia gari siwezi kuliacha porini wezi walichomoe vioo, na isitoshe, mgonjwa tutambeba na nini? Kondakta alisubiri kidogo, akagonga bodi, basi likaondoka. Sababu yangu ilikuwa ya kweli kabisa. Leo nikiitamka naona aibu.

Tulimtuma mwenye bodaboda aliyekuwa anapita atutafutie fundi kijiji cha mbele. Saa nne akamleta Fundi Yona, mtu wa makamo, mpole, na lafudhi yake ya Kindali kama ya mama yangu. Alipapasa mipira yote ya maji, akaikuta mikavu. Akaangalia oili, akasema ni safi.

"Maji hayana mabawa, bwana," alisema. "Kama hayamwagiki nje, yanamwagika ndani. Huku mbele kushoto nani anakaa?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Furaha akamweleza habari ya miguu yake. Fundi Yona aliinama, akaivuta nailoni yangu pembeni, akaukandamiza mkono kwenye zulia. Yakatoka maji ya kutu, bado ya vuguvugu. Akatueleza taratibu: hita ina kirejeta chake kidogo nyuma ya dashibodi, nacho kimetoboka. Maji ya injini yanapita humo, yanadondoka kwenye zulia chini ya nailoni na kupenya ukingoni hadi miguuni, na mvuke wake ndio ule ukungu wa vioo.

"Injini yako nzima," akasema. "Ugonjwa umeufunika mwenyewe kwa nailoni."

Akachomoa mipira miwili inayoingia kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba ili maji yasipite tena kwenye hita, akakaza klipu, akajaza maji. Ilimchukua kama nusu saa. Alisema ndani tutapata baridi, lakini tutafika. Wiki zote zile za hofu, kumbe kazi ya nusu saa! Sikuweza kumtazama mke wangu.

Itumba tuliingia saa tano na nusu, na geji haikutikisika. Kwenye kona ya nyumbani niliona mabenchi nje na wanaume wameketi kimya, kofia mkononi. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mama alikata roho saa nne na robo, wakati fundi ameshika zulia. Nilibaki nimeshika usukani mpaka Mama Furaha alipozunguka akanifungulia mlango.

Tulizika kesho yake. Siku ya nne tulirudi Tunduma kwa baridi, tumejifunika kanga zile za mgonjwa, na rejeta haikupungua hata kikombe. Kwa hiyo wewe mwenye gari, maji yakipotea na chini ni pakavu, funua zulia kabla hujafungua injini, tena msikilize anayekaa kando yako. Hilo nililijifunza njiani.

Lingine lilinikuta nyumbani. Jioni ile Atupele alipiga kuuliza kama tumefika, kisha akanieleza jambo aliloshindwa kulisema msibani.

"Ile saa tatu nilitaka kukupigia nikuhimize. Mama akanikataza. Alisema, mwache, asije akapokea simu huku anaendesha milimani, akaanguka."

 Saa ile ile mama alikuwa ananilinda mimi, na mimi nalinda gari.