Timbre za Baba Ndani ya Plastiki

Wakati wetu, nyinyi wa rika langu mnajua, barua haikuja mpaka nyumbani. Ilifika kwenye sanduku la posta la mtu mwenye sanduku, na mtoto aliyetumwa kuichukua alirudi mbio akiishika kwa mikono miwili. Baba alikuwa anafanya kazi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Mama alichukua barua. Mimi na kaka yangu Deo tuligombania bahasha, na kwenye bahasha tulichotaka ni timbre tu, yaani stempu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe kama maneno hayajipangi. Sikusoma sana. Lakini kutoa timbre kwenye karatasi najua, na nitaeleza, maana siku hizi hakuna anayejua na kila mtu anagusa.

Unakata kona ya bahasha, unaacha karatasi kidogo pembeni usije ukakata meno ya timbre. Bahasha za rangi unaziweka kando, zinachafua zingine. Deo alisahau siku moja, korongo mweupe wa kwenye timbre yetu akatoka zambarau. Beseni ni lile la kuoshea mboga za lengalenga, maji ya uvuguvugu. Halafu unangoja. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kungoja mpaka timbre iachie karatasi na kuelea. Deo vidole vilimwasha. Mama, yuko kwenye makaa, hata hageuki: "Buhoro buhoro, we Deo! Ukivuta utapasua. Iache itoke yenyewe." Gundi iliteleza chini ya kidole kama bamia. Tulizilaza kifudifudi juu ya gazeti, kivulini, karibu na ndagala za mama, wale samaki wadogo, kisha tukazibana chini ya Biblia. Shuleni hakuna aliyetaka kubadilishana na sisi. "Timbre zenu zinanuka samaki!" Na kweli zilinuka, siwezi kukataa.

Baba akafia Kalemie. Barua zake za mwisho zilifika wakati Deo anafunga mzigo kwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Kona tulizikata, lakini hatukuziloweka. Tulisema tutaziloweka siku atakaporudi, sisi wawili, kwenye beseni moja. Ikaja vita, wakaja watoto, akawa harudi. Mwaka huu amestaafu, anakuja Noeli. Kwenye simu, hata hajaniuliza afya: "Mudogo wangu, zile za baba usiguse. Mi nakuja."

Sasa Fiston. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Consolata, mtu mzima mwenye mke na watoto. Tunaishi wote hapa Gihosha tangu maji ya mafuriko yalipowafukuza kwao Gatumba. Jumapili natoka kanisani, ananipokea mlangoni, anacheka, mikono iko nyuma.

"Mama mukubwa, funga macho."

Nikafunga, mjinga mimi. Kufungua, naona karatasi kubwa ya plastiki inang'aa. Timbre zetu zote zimepangwa mistari kama wanafunzi mbele ya bendera, na zile kona za baba katikati, karatasi ya bahasha bado iko nyuma yake. Amezipeleka kwa wale wanaofunga vitambulisho na diploma ndani ya plastiki kwa mashine ya moto.

"Nimekufanyia plastifier. Sasa hata maji iingie mu nyumba, haziharibike tena."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu. Nilitaka tu ufurahi."

"Zitoe!"

Akaigeuza ile plastiki huku na huku, akitafuta pa kuifungulia. "Haitokaka, mama mukubwa. Ni vile inatengenezwaka."

Mtoto wake akauliza timbre ni kitu gani, ndugu yake mkubwa akamjibu, "Ni unité ya barua." Jibu zuri, maana simu bila unité, yaani salio, haipigi. Siku nyingine ningecheka.

"Nyinyi wa siku hizi!" nikapiga kelele. "Picha mu kioo, Biblia mu kioo, mazishi mnayaangalia mu simu! Sasa mumefunga hata baba yangu!"

Fiston akaiteremsha ile plastiki. Halafu akasema chini chini, "Mama mukubwa, mi diploma yangu niliiona inaelea mbele ya nyumba. Nikaikamata. Ikanikatikia mu mukono kama mukate mu chai."

 Nikaingia chumbani.

Lazima niwe wa haki. Sisi maji tuliyaita yatusaidie. Yeye yaliingia kwake bila hodi na kula kila alichokuwa nacho. Akiona karatasi anaona kitu kitakachozama. Hilo naelewa. Nimejiuliza pia kama kosa ni langu, kwa sababu sikuwahi kumweleza, na zilikuwa ndani ya kopo la maziwa, nani angejua ni mali? Lakini kopo lilikuwa chini ya kitanda changu. Na mimi nilikuwa kanisani, sikuwa Lubumbashi. Mdomo wa kuuliza anao.

Ndiyo maana hasira haishuki. Sisi tulitunza kitu kwa kukishika, kukilowesha, kukigeuza, kukinusa, mpaka tukakijua hata gizani. Wa leo wanakitunza kwa kukifunga, wanakitundika ukutani kinang'aa, wanapita mbele yake na simu. Nikikumbuka vile vichwa vyetu viwili vikigongana juu ya maji, kila mmoja akingoja yake iachie kwanza, roho inaniuma. Nilitaka hiyo mara moja tu tena kabla hatujafa.

Jana Fiston ameniomba nimpigie Deo simu, nimwambie mimi. Nimekataa. Mjomba wake akifika, Fiston atamwambia mwenyewe, akimtazama usoni. Habari ya Gatumba nitaisema mimi, maana najua ataona haya kuisema. Hiyo ni haki yake. Hasira ni haki yangu, na siiachi.