Benchi la Watu Wanne

Wiki iliyopita, kule chuoni Kasapa, nilimkuta mama wa usafi amepiga magoti kwenye korido, anasugua sakafu kwa siraji nyekundu. Mnaijua harufu yake: nta kidogo, mafuta ya taa kidogo, inakwenda moja kwa moja nyuma ya kichwa. Wenzangu walipita wakirukaruka ili wasimchafulie kazi. Mimi nilisimama na madaftari yangu kifuani, roho ikanishuka, nikawa tena mtoto wa miaka kumi na mmoja asiye na mtu wa kusema naye. Ngoja niwasimulie, ninyi mtanielewa.

Kabla ya siraji nilisoma shule ya serikali, kwetu Katuba. Sakafu yake ilikuwa vumbi, na darasani kulinuka watoto: jasho, chaki, mafuta ya nywele. Tangu masomo ya msingi yafanywe bure, watoto walimiminika mpaka mwalimu wetu, Metre Kabwe, akawa anavuka miguu yetu ili afike ubaoni. Vyumba havikutosha, kwa hiyo wadogo waliingia asubuhi, na sisi wa mwaka wa tano tuliingia mchana, wakati jua limeshachemsha bati. Benchi lililotengenezwa kwa watu wawili tulilikalia wanne: mimi Masika, kisha Mumba, Dorkasi na Ilunga. Tulikaa hivyo tangu mwaka wa pili. Mmoja akiandika, wa pembeni alirudisha kiwiko nyuma, halafu wanabadilishana, na hakuna aliyetufundisha. Mkate wa mmoja ulikatwa vipande vinne bila maneno. Aliyechelewa alikuta kipande chake kinamngoja juu ya daftari la Mumba, ambaye alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Baba yangu ni mtu wa Butembo. Alikuja Lubumbashi bado kijana, akaanza kwa kuuza sabuni, na wakati ule alikuwa na depo ya unga na sukari, na lori moja lililokwenda Kasomeno likarudi na samaki wakavu. Mwezi wa pili ule, katikati ya mwaka wa masomo, walimu walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu na tulikuwa tumesoma siku chache tu. Baba akarudi safarini, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kabla hata ya kunawa uso akaniita.

"Masika, kuanzia lundi utaenda ku masomo ingine. Ya kulipa."

"Juu ya nini, baba?"

"Juu nimesema."

"Na Mumba?"

"Mumba iko na baba yake."

Ndiyo hayo tu, na lundi, yaani Jumatatu, ilikuwa karibu. Mama aliangalia sufuria yake ya bukari, ugali wetu, kana kwamba ingekimbia.

Nawaambia ukweli, nilimchukia baba. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu haina kelele. Nanyamaza tu, na naweza kunyamaza mpaka mtu akonde. Zamani honi ya lori ikilia kwenye lango nilikimbia ili anipandishe mbele nishike usukani. Kuanzia wiki ile, honi ikilia, nilikwenda nyuma ya nyumba kuosha sahani ambazo zilikuwa safi tayari. Baba aliita mara moja, "Masika wangu!" Halafu nilisikia mlango wa lori unafungwa, na viatu vyake vinaingia ndani.

Sasa shule mpya. Siraji nyekundu kila mahali, na kila mtoto na meza yake na kiti chake! Mwalimu wetu, Madamu, alinionyesha meza ya karibu na dirisha. Nikakaa. Darasa zima likacheka, na mimi sikujua ni kwa nini. Kumbe nilikuwa nimekalia tako moja kwenye ukingo wa kiti, goti moja liko njiani, nimewaachia nafasi watu watatu ambao hawapo. Madamu akaniambia kwa Kifaransa nikae vizuri. Nikasogea katikati. Baada ya dakika tano tako lilikuwa limerudi ukingoni lenyewe.

Wale watoto hawakuwa wabaya, sitawasingizia. Walikuwa pamoja tangu wana miaka mitatu, wana michezo yao na majina yao ya utani, na mimi nilishukia katikati ya mwaka wakati kila nafasi ina mtu. Tena pale ilikuwa Kifaransa tupu, mpaka uwanjani. Kifaransa changu kilikuwa cha ubaoni: niliweza kukisoma, sikuweza kukitumia kuuliza choo kiko wapi. Siku ya kwanza nilijibana mpaka saa sita na nusu, nikatoka mbio kuelekea nyumbani, na yaliyotokea karibu na kwa fundi baiskeli naomba yabaki kati yangu na yule fundi.

Wakati wa mapumziko nilitoa mkate wangu, mikono ikaukata vipande vinne. Nilikula kimoja. Kimoja nikampa msichana wa meza ya mbele, mwenye riboni nyeupe. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Non, merci," kisha akajifuta vidole kwenye sketi, na wala hakuwa amekigusa. Nilirudisha vipande mfukoni. Siku zilizofuata niliendelea kuukata vinne, sijui kwa nini, mpaka mama alipokuta mfuko umejaa mikate mikavu akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa.

Nilikuwa peke yangu, peke yangu kabisa. Nilijifunza kutembea haraka kando ya ukuta, mapumziko yote, kama mtu aliyetumwa, ili Madamu asije akauliza mbele ya watu kwa nini sichezi. Kuna siku niliingia asubuhi na kutoka mchana bila kufungua mdomo isipokuwa kupiga miayo.

Baada ya wiki tano hivi nikapata akili. Shule mpya ilikwisha saa sita na nusu. Darasa la Metre Kabwe lilianza saa saba. Na nguo za shule ni zilezile nchi nzima, shati jeupe na sketi ya bluu. Zangu zilitofautiana kwa beji iliyobanwa kwa pini na kitai kidogo tu. Nyuma ya mashine ya kusagia mahindi nilivua kitai na beji nikavificha kwenye mfuko. Nikapaka viatu vumbi kwa makusudi. Halafu nikaingia na kundi. Katika watoto wale wote, nani angenihesabu?

Kwenye benchi letu walikuwa wanne tayari. Nafasi yangu ilikaliwa na msichana wa mwili mkubwa, mgeni, aliyekuwa ametoka Kasenga. Lakini Mumba aliponiona alipiga kelele.

"Masika! Musogee, musogee kule, ataenea!"

Wakasogea. Tukawa watano, na Ilunga alikuwa karibu kuanguka upande wa pili akitukana. Paja langu likabanwa kwenye paja la Mumba, jasho lake na langu. Nilikuwa nimerudi kwetu! Niliamua palepale kwamba nitafanya hivyo kila siku, asubuhi kule, mchana huku, mpaka baba achoke.

Metre Kabwe alisoma hadithi fupi ya sungura kwa Kifaransa, akauliza swali. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasimama, nikajibu kwa sentensi nzima, namna Madamu alivyokuwa anatulazimisha kila asubuhi.

Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Eee! Anasemea mu mapua!"

"Muzungu wa Katuba!" Huyo alikuwa Ilunga wangu mwenyewe.

Ulikuwa utani, najua. Lakini Mumba naye alicheka, na alipomaliza kucheka alinitazama shati, viatu, mikono, polepole, kama unavyomtazama mgeni aliyeletwa nyumbani na shangazi. Nilitaka kukaa, na nafasi yangu ilikuwa imeshazibwa. Wote walikuwa wamejiachia kidogo tu, kupumua.

Metre Kabwe hakucheka. Aliweka chaki, akavuka miguu ya watoto mpaka kwangu, akanishika mkono tukatoka nje, kwenye kivuli chembamba cha bati. Nilingoja fimbo. Yeye alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Baba yako iko wapi?"

"Ku Kasomeno, Metre."

"Sikia, Masika. Usirudie hapa tena. Ukirudia, nitakufukuza mbele ya batoto bote."

"Metre, ni baba njo alinitosha hapa, akanipeleka kule! Miye sikutaka!"

"Unamuchukia baba?"

"Ndiyo."

Metre akaangalia uwanja ambao haukuwa na kitu cha kuangalia. "Enda kwenu," akasema, "mama atakutafuta." Akaingia ndani, nikasikia chaki inaanza tena. Nilikaa kidogo nje ya dirisha, nikisema labda Mumba atatoa kichwa. Hakutoa.

Basi, sikurudi. Kwenye shule mpya nilijifunza kukaa katikati ya kiti. Kifaransa kikaja, na mapua yake yote, na mwaka uliofuata nilikuwa hata na rafiki mmoja, mtoto aliyehamia katikati ya mwaka kama mimi. Lakini kwa baba sikurudi. Nilimsalimu kwa heshima, nikamletea maji, na zaidi ya hapo sikumpa kitu. Akiniletea karanga kutoka njiani niliwagawia wadogo zangu mbele ya macho yake. Miaka ikapita hivyo, tukazoea, na mtu akizoea haoni tena.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa depo, namsaidia kupanga mifuko, akaingia mzee mwembamba mwenye mvi kutafuta unga. Metre Kabwe! Kabla sijasogea, baba alikuwa ameshatoka nyuma ya meza, na wakagusanisha vichwa mara tatu, kulia, kushoto, kulia, kama wanaume waliotoka mbali pamoja. Sikujua hata kama wanajuana.

"Ni huyu?" Metre akauliza.

"Njo yeye. Iko Kasapa sasa."

Metre alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akamgeukia baba. "Ulimuambia?"

"Apana. Ya nini?"

"Ah, papa Masika! Hata sasa?" Akanishika mkono, kama ile siku. "Ni miye njo nilimuomba baba akutoshe mu darasa yangu. Wakati wa mugomo nilikuja hapa na miguu. Nikamuambia, batoto ni mingi, hata majina yabo yote siyajue, na huyu iko na akili, akibakia kwangu itakufa. Nikamuomba asikuambie ni miye. Ulikuwa unanipenda sana. Nikaogopa utaona nimekutupa."

Nikamwangalia baba. Alikuwa anafunga mfuko wa unga, kamba ileile anaifungua na kuifunga tena.

"Juu ya nini haukuniambia, baba? Hata kisha?"

"Ulikuwa umepoteza benchi yote," akasema, macho kwenye kamba. "Nikutoshee na Metre, umupoteze naye? Baba, hata umukasirikie, atabakia baba."

Nilishika ncha ya pili ya kamba ile, tukaifunga pamoja. Miaka yote ile nilidhani kwetu kuna mtu mmoja tu aliyeachwa peke yake, na kwamba ni mimi. Baba alikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingenirudisha kwake siku ileile. Alilimeza kila alipoingia nyumbani na kunikuta nimempa mgongo, ili niendelee kumpenda mwalimu wangu.