Ufunguo Ulio Kati ya Viti

Nilikwenda Idodi, mkoani Iringa, kwa sababu moja kubwa: kumziba mdomo kaka yangu. Mama alikuwa huko tangu dada yetu Subilaga ajifungue, na sasa alitaka kurudi nyumbani kwetu Ilomba, hapa Mbeya. Kaka Ambokile naye alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje achukue gari la marehemu baba, ili pale linapolala ajenge vyumba vya wapangaji. Nikamwambia gari hilo hilo ndilo litakalomleta mama. Alicheka mpaka akakohoa. Tukawekeana sharti mbele ya shangazi: likienda Idodi na kurudi kwa nguvu zake lenyewe, linabaki. Likivutwa kwa kamba, hata kidogo tu, linakwenda kukatwa.

"Na mimi naenda na wewe," akasema kaka. "Nisije nikaambiwa hadithi."

Kazi yangu ni kufundisha udereva, na magari niliyoyakalia ni mengi. Nimeendesha Landrova ya zamani yenye ufunguo katikati ya dashibodi, nikaendesha lori unalowasha kwa kitufe na kulizima kwa kuvuta waya. Vijana wa siku hizi wanapapasa chini ya usukani, wasipokuta tundu wanadhani gari limeibiwa kitu. Gari la baba ni la Kiswidi. Alilipata kwa fundi mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, enzi baba akifanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo. Ufunguo wake uko chini, kati ya viti viwili vya mbele, karibu na gia, na tundu linatazama juu. Tena hautoki mpaka uweke rivasi. Ukishautoa, gia inajifunga humo humo, na mtaa mzima ukija kusukuma mtaishia kutoka jasho.

Tulipokuwa watoto hapa Ilomba, baba akirudi kutoka kazini Mgololo tulimtambua kwa mlio wa ufunguo ule ukichomolewa: trak! Mama akiwa jikoni alikuwa anasema, "Huyo kafika, pakueni." Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili, ila kaka sikumwambia.

Alfajiri, Ilomba. Baridi ya Mbeya inajulikana, na gari la zamani huijua kuliko watu. Nilivuta choki yote, kile kishikio cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi, nikakanyaga klachi, mafuta sikuyagusa. Mara ya kwanza likakohoa, likanyamaza. Kaka akanitazama. Nikahesabu pumzi zangu kidogo, nikageuza tena, likawaka na kutoa moshi mweupe uliojaza ua wote. Shangazi alitupungia mkono huku amejiziba pua.

Igurusi tulisimamishwa na ng'ombe. Wasukuma waliohamia bonde la Usangu walikuwa wakivusha kundi lisilo na mwisho, na mimi, kwa kiburi tu, nikazima gari.

"Unazima ya nini?" kaka akashtuka. "Likiwa na moto haliwaki hili!"

"Haliwaki kwa asiyelijua."

Ng'ombe wa mwisho alipopita, niliacha choki ndani, nikakanyaga mafuta mpaka chini na kuushikilia mguu hapo hapo, bila kupiga-piga. Likawaka mara moja. Mchungaji akaniinulia fimbo yake kwa heshima. Kaka akajifanya anaangalia mpunga.

Makambako, kituo cha mafuta, kijana wa pampu aliniomba nizime. Nikaweka rivasi, nikachomoa ufunguo. Akaingiza kichwa dirishani.

"Mama, umeutolea wapi huo?"

"Sakafuni."

"Sakafuni! Sasa mwizi akija?"

"Atahangaika na usukani mpaka kupambazuke."

Alimwita mwenzake aje kuona. Nikawaonyesha mara mbili, nami sikuona haraka yoyote. Watu wakisifu gari lako ni vizuri kuwapa nafasi.

Ifunda, mchana, ndipo kaka alipoleta balaa lake. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, na akina mama walikuwa wamepanga madumu kando ya barabara. Kaka akataka kumpelekea shemeji Aloyce, mume wa Subilaga, kwani Idodi ni kwenye joto na mianzi ya kugema hakuna. Muuzaji alikuwa amefunika dumu kwa kizibo cha majani. Kaka akakitupa, akaomba mfuniko wa plastiki.

"Baba, usikaze," mama yule akamwambia. "Huu ni mtogwa, asubuhi hii tu umetoka kwenye mwanzi. Ukiufunga unakasirika. Uache upumue."

"Nikiuacha upumue si utamwagika kwenye gari?"

Akakaza kwa mikono miwili, akalisimamisha dumu kati ya viti vyetu, juu kidogo ya ufunguo. Mimi nilikuwa nazungumza na muuzaji mwingine juu ya viazi, nikiwasikia kwa sikio moja tu. Sisi watu wa Mbeya maziwa mgando na pombe ya kimea tunavijua vizuri, lakini ulanzi tunaukuta ugenini.

Iringa mjini hatukukawia. Tuliwahi njia ya Kalenga, na mbele ya hapo lami ilipokwisha, mashimo yakaanza. Gari likaruka, dumu likaruka. Joto nalo lilizidi kadiri tulivyoshuka bondeni. Tulikuwa tunakaribia Idodi niliposikia mlio kama wa bunduki. Mfuniko uligonga dari, na ulanzi ukatuosha nywele, viti, kila kitu. Kaka alipiga kelele kama mtoto. Nilisimama pembeni injini ikiwa inaunguruma, nikafuta nilipoweza kwa kitenge changu, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Idodi tuliingia jua likizama, tukinuka kama kilabu cha pombe. Shemeji Aloyce alitoka akiwa amenyoosha mikono.

"Kamwene! Karibuni sana. Lakini jamani, mmeanza sherehe bila sisi?"

"Kamwene, shemeji," nikajibu. "Zawadi yako tumekuja tumeivaa."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na mjukuu mapajani. Alipoliona gari alisema tu, "Ndaga, wanangu," asante kwa lugha yetu, kisha akamgeuza mtoto alitazame. Nikaweka rivasi, nikachomoa ufunguo. Ulitoka kwa shida kidogo, lakini sikutilia maanani. Tulikula wali wa shamba la shemeji na kuku, tukalala.

Asubuhi, mizigo imepangwa, mama ameaga, majirani wamekuja kutusindikiza. Nikaingiza ufunguo. Uliingia nusu, ukagoma. Nikausukuma kwa nguvu, ukafika mwisho, lakini haukugeuka hata unywele. Ulanzi ulikuwa umeingia tunduni na kukauka usiku kucha. Gia imejifunga rivasi, gari haliendi mbele wala nyuma. Kwa mara ya kwanza niliona akilini chuma cha baba kikikatwa vipande uani kwetu.

Kaka alikuja, akajaribu, akashindwa. Akasimama, mikono kiunoni.

"Basi, dada. Nitatafuta trekta ituvute mpaka Iringa kwa mafundi."

"Hakuna kamba itakayogusa gari hili."

"Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kuhusu gari, hatukukubaliana kuhusu dumu lako!"

Shemeji Aloyce, mtu wa amani, akaleta mafuta ya injini kwenye kopo ili tulainishe. Nilikwisha kulipokea kopo mama aliposema, "Hebu nipe huo ufunguo." Nikauchomoa kwa kuutikisa, nikampa. Akauweka ulimini, mbele ya watu wote.

"Hii ni sukari," akasema. "Sukari unaiosha kwa mafuta? Mimi nimewaoshea masufuria ya uji nyinyi wote, sikuwahi kutumia mafuta. Leteni chupa ya chai, ile yenye maji ya moto."

Maji na umeme haviivani, hilo nalifundisha kila wiki. Kwa hiyo nilifungua boneti kwanza, nikatoa waya wa betri. Kisha mama akakaa kiti cha mbele, akawa anatia maji kwa kijiko, kidogo kidogo, mimi nikiingiza ufunguo na kuutoa, nikiufuta na kuuingiza tena. Ulitoka na uchafu wa kahawia, na chembe za kila mkate uliowahi kuliwa ndani ya gari lile. Kaka alishika chupa. Hakuna aliyemwomba, aliishika tu.

Tulifungua milango yote, tukaliacha jua la Idodi lifanye kazi yake, majirani wakakaa kusubiri kama wako msibani. Adhuhuri nikarudisha waya. Ufunguo ukazama wote. Nikageuza: gia ikalegea, taa zikawaka, stata ikaitika. Injini iliponguruma wanawake walipiga vigelegele, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Njiani kurudi tulilala Makambako. Asubuhi yake kaka aliomba kuendesha. Kwanza alipapasa chini ya usukani, kisha akakumbuka, akashusha mkono kati ya viti. Nikamwelekeza choki. Likawaka. Tulipofika Chimala akasema, "Baba alikuwa ananiweka hapa katikati, nikimshikia ufunguo usitikisike." Sikuwahi kujua hilo.

Ilomba, mchana. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limesimama nje ya lango letu, kwani kaka alikuwa na uhakika mno hata akamwita mtu kabla hatujaondoka. Kaka alishuka, wakazungumza, nikamwona akitikisa kichwa. Mnunuzi akapaza sauti, kaka akatikisa kichwa tena, na lori likaondoka.

Nimejifunza kuwa dumu la ulanzi huachwa lipumue. Nimejifunza pia kuwa kaka yangu hakulichukia gari lile. Lilikuwa linamuuma kuliona pale kila siku likiwa kimya.

Alirudi kwenye usukani, akaliingiza uani, akalipanga mahali pake pale pale. Akaweka rivasi, akachomoa ufunguo.

Trak.

Mama, akiwa bado kwenye kiti cha nyuma amefumba macho kwa uchovu wa safari, akasema, "Huyo kafika, pakueni."