Mkono wa Kushoto Jukwaani

Dada yangu mkubwa alibeba karai la zege kichwani miaka kumi na miwili, na kama kuna anayedhani hiyo ni kazi ndogo, aje alibebe yeye. Mwaka wa kumi na mbili shingo ikagoma. Daktari akamwambia akiendelea atapooza. Ana watoto watatu na hana mume, kwa hiyo ilibaki njia moja tu ya kuendelea na kazi ya ujenzi: ashike mwiko, apige plasta.

Alipomwomba fundi mkuu, alicheka hadi akakohoa. "Mama, wewe ni wa karai. Tena unatumia kushoto! Plasta hairushwi kwa kushoto."

Dada alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Akakoroga udongo, akasimama mbele ya ukuta wa bafu letu la uani, akarusha. Ukamwangukia wote miguuni. Akauzoa, akarusha tena. Wiki mbili nzima alioga udongo zaidi ya maji. Mimi mdogo wake nilikalia ndoo iliyopinduliwa nikijifanya mwalimu: "Kunja kiwiko! Angalia kifundo cha mkono!" Kadiri alivyokiangalia ndivyo udongo ulivyomkataa.

Siku moja tukagombana juu ya sufuria niliyoiunguza. Alinisema kwa kirefu huku akirusha, bila hata kujali mkono unafanya nini. Alipomaliza kunisema, nusu ya ukuta ilikuwa imejaa na chini hakukuwa na kitu. Tukatazamana. Tangu hapo niliacha kufundisha, nikawa namchokoza tu kila jioni. Kila mlango na ufunguo wake. Wetu ulikuwa ugomvi.

Mwezi wa tatu wa mazoezi hayo akaweka karai chini, akapanda jukwaa la mafundi bila kuitwa. Nilikuwepo, nimempelekea chakula.

"Shuka! Utaniharibia ukuta!" fundi mkuu akapiga kelele.

"Nikiuharibu nitaukwangua kwa kucha zangu." Akarusha plasta. Ikashika.

"Basi shika kwa kulia, kama watu!"

"Watu gani, fundi? Kwani mimi mbuzi?" Ikashika.

Akamsema umri, akamsema viatu, akamsema hata mume aliyemkimbia. Maskini, hakujua anamsaidia. Kila neno lilipata jibu lake, na kila jibu lilikwenda na plasta ukutani.

Mwishowe fundi mwenyewe akapanda na ubao wa kunyooshea. Akaupitisha mara mbili akitafuta kasoro. Hakuipata.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini sasa karai atabeba nani?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimuuma siku zote! Nilitamani kumzaba kibao.

Dada hakugeuka. "Hilo lako, fundi. Mimi plasta imeniishia."

Fundi akatazama huku na huku. Vibarua wote walikuwa na mizigo yao. Akashuka, akalijaza karai, akalipandisha mwenyewe.