Pumzi za Saturnini

Wewe unayesema anayekoroma amelala vizuri, umewahi kukaa ukamsikiliza hadi mwisho?

Mwaka 1949 Saturnini, mtu wa Mnero, aliendesha trekta kambini kwetu Nachingwea, tulipokuwa tukifyeka msitu ili zipandwe karanga. Mimi nilikuwa karani, nimetoka chuoni mwaka huohuo. Mchana Saturnini alisinzia hata mikono ikiwa kwenye usukani. Usiku alikoroma, kambi nzima ikasikia.

"Shemeji, mwambie alizime hilo trekta, tulale!" majirani walimtania mkewe, Aurelia.

Aurelia hakucheka. Alinijia ofisini. "Karani, wao wanasikia kelele. Mimi nasikia anaponyamaza. Njoo usikie mwenyewe, umwandikie bwana mkubwa amwondoe kwenye trekta kabla halijamuua."

Usiku ule nilikaa naye nje ya ukuta wao wa matete. Mkononi alishika rozari. Ndani mkoromo ulipanda, ukapanda, halafu ukakatika. Kimya. Nilihesabu hadi ishirini na tano ndipo Saturnini aliposhtuka, akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa mtoni. Aurelia akasogeza punje moja, kuhesabu kimya kile. Hadi alfajiri alikuwa ameizunguka rozari nzima mara mbili. Yule hakuwa amelala. Alikuwa akipigania pumzi.

Kulipokucha niliandika barua, nikaipeleka kwa msimamizi, Mzungu. Alisoma mstari wa kwanza: "Saturnini hukoroma usiku kucha." Akaishia hapo, akacheka.

"Basi amelala usiku kucha! Akisinzia mchana ni uvivu tu."

"Bwana, soma mbele. Anahitaji daktari."

"Karani, kazi yako ni kuandika orodha. Kesho namtaka kwenye trekta saa kumi na mbili."

Mwafrika akichoka ameshahukumiwa. Hakuna anayemwita daktari. Lakini mstari ule niliuandika mimi. Pamoja na elimu yangu yote, nilianza na mkoromo badala ya kuanza na kimya.

Asubuhi iliyofuata trekta la Saturnini lilifika mwisho wa mstari wa kufyeka, halikugeuka. Tulipiga kelele, tukakimbia. Likatumbukia korongoni, likapinduka. Tulipomtoa, Aurelia alikuwa ameshafika, rozari mkononi. Msimamizi alikuja mbio, akapiga magoti, akatuashiria tunyamaze, akaweka sikio lake juu ya kifua cha Saturnini, akasikiliza.